Aliyeshika kamera naye atajwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu filamu za mapigano nimeisoma yote. Mastelingi mmewataja mmoja mmoja, ila jina la Pierre Morel sikuliona, na ndiye aliyeongoza "Taken" mliyoisifia aya nzima. Naomba nafasi nimsemee.

Mfaransa huyu alianzia kwenye kazi ya kupiga kamera. Mwaka 2002 alikuwa mpiga picha mkuu wa "The Transporter" ya Jason Statham, kisha "Danny the Dog" ya Jet Li, iliyotoka 2005. Filamu yake ya kwanza kuongoza ni "Banlieue 13" ya 2004, na hiyo ndiyo ninayoiombea isahaulike mwisho. David Belle, bingwa wa kuruka kuta na mapaa, anafukuzwa ndani ya ghorofa. Anatanguliza miguu na kupenya kidirisha chembamba kilicho juu ya mlango, mwili wote, kama barua inavyoingia sandukuni. Kamera imekaa mbali kiasi cha kutosha, unaona miguu, kiuno, mabega, na unajua ni yeye mwenyewe karuka. Tulikuwa kibanda umiza siku hiyo, na benchi zima tulidai irudishwe nyuma.

"Taken" ilitoka 2008. Iligharimu kama dola milioni 25 ikaingiza zaidi ya milioni 220. Nakiri ngumi zake zimekatwakatwa mno kwa jicho langu, lakini hadithi haikupi nafasi ya kupumua. "The Gunman" ya 2015 iliniuma: inaanzia Kongo, kisha Wakongo wanaachwa huko, sisi tunapelekwa London na Barcelona kumfuata Sean Penn. Mwaka 2021 akaenda Emirati kuongoza "Al Kameen", ya Kiarabu, kuhusu wanajeshi walionaswa bondeni Yemen. Mtu aliyezoea kamera ndiye anayeweza kukubana pamoja nao ndani ya gari la deraya.

Mimi napiga video za harusi. Kwa Morel nimejifunza kusogea nyuma na kuacha wachezaji waonekane mpaka miguu, badala ya kuvuta sura tu. Vijana wengi wa kazi hii wanasoma ukurasa wenu. Tafadhali, chini ya jina la kila filamu, andikeni aliyeongoza na aliyepiga picha. Ni mistari miwili tu.

Msomaji wenu,
Morogoro