Kipindi cha sikukuu hakiokotwi studioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoichapa juma lililopita kuhusu vipindi vya sikukuu redioni. Mwandishi wa makala hiyo alisema kwamba kipindi cha kuchekesha cha Krismasi au cha Idi hakihitaji kuandikwa, kwamba kinachotakiwa ni mtangazaji mwenye mdomo, wageni wawili watatu wenye vituko na maikrofoni iliyoachwa wazi, halafu kicheko kitajileta chenyewe. Nimeisoma hoja hiyo mara mbili. Naipinga, tena naipinga kwa sababu nami niliwahi kuiamini.

Kabla ya kuhamia Marekani nilikuwa nikiandika michezo mifupi ya redio, na mwaka mmoja kituo nilichokitumikia kiliamua kwamba siku ya Krismasi tuachane na karatasi. Tulimwalika kinyozi aliyesifika mtaani kwa uongo, mama muuza vitumbua ambaye hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa maneno, na kijana hodari wa kuiga sauti za wakubwa. Kila mmoja alikuwa kichekesho akiwa kwake. Studioni wote watatu, pamoja na mtangazaji, walisema kwa mpigo mmoja kwa karibu dakika arobaini, wakichekeshana wenyewe kwa wenyewe, na msikilizaji aliyekuwa nyumbani akipalia pilau hakuambulia kitu. Mama yangu, ambaye hakuwa na desturi ya kunificha neno, aliniuliza jioni ile kama tulikuwa tumegombana.

Sasa naishi Peoria, katika jimbo la Illinois, ninakofanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mzee mmoja humo, kila ifikapo Desemba, huomba awekewe vipindi vya redio vya utoto wake, na anachokipenda kuliko vyote ni kile cha Fibber McGee na mkewe Molly, kwa kuwa walioigiza, Jim na Marian Jordan, walikuwa wenyeji wa mji huu huu, na walikuwa mume na mke kweli kweli. Kilianza Aprili 1935 katika shirika la NBC, kikaendelea kwa sura mbalimbali hadi 1959, na katika miaka ya 1940 kilikuwa miongoni mwa vipindi vilivyosikilizwa zaidi Marekani nzima. Nilianza kukisikiliza ili kumridhisha mzee. Siku hizi nakisikiliza kwa wivu wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo akaishindwa.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. McGee ni mwanamume asiye na kazi inayojulikana, mwenye maneno mengi na mipango isiyofika jioni, anayekaa na mkewe katika nyumba namba 79 ya mtaa wa Wistful Vista. Jumanne usiku, kwa nusu saa, anaanza jambo dogo, kama vile kutengeneza kitu ambacho kingetengenezwa vizuri zaidi na fundi, na kabla hajafika mbali mlango unabishwa. Sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu tungekielewa kipindi hiki bila mkalimani, maana chote kimejengwa juu ya hodi. Mgeni anaingia, anakaa dakika mbili tatu, anaacha kioja chake sebuleni, anaondoka, na McGee anairudia kazi yake akiikuta imeharibika kidogo zaidi kuliko alivyoiacha.

Wageni hao ndio hoja yangu, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa nao kidogo. Yupo mzee mmoja ambaye kila akisimuliwa kisa hujibu kwamba ni kizuri, Johnny (ndivyo anavyomwita McGee), lakini yeye sivyo alivyokisikia, kisha hutoa cha kwake, kibovu kuliko cha kwanza. Yupo bwana Wimple, mpole wa sauti, ambaye hapendi duniani ila kitabu chake cha ndege, na ambaye mkewe humtwanga. Wimple mwenyewe humwita mke huyo Sweetie Face, yaani sura tamu, kana kwamba anazungumzia malaika. Yupo meya wa mji, La Trivia, msomi anayependa misemo, na akina McGee kila mara huichukua misemo yake kama ilivyo. Kwa mfano wa kwetu, angesema kwamba fulani kaula wa chuya, nao wangetaka kujua kama huo wa chuya aliula na mboga gani, na kama ni yeye meya aliyempikia. Meya hueleza, hueleza tena, ulimi huanza kumpinda, silabi hubadilishana mahali, hadi anapasuka kwa hasira, kisha hunyamaza, akavuta pumzi na kuita jina la McGee kwa upole wa mtu aliyeshindwa. Huo mpindo wa ulimi, Mhariri, hauwezi kubuniwa papo hapo na mtu yeyote aliye hai. Gale Gordon, aliyemwigiza meya, alikuwa akisoma karatasini, neno kwa neno, na kipindi kikiwa kinakwenda hewani moja kwa moja mbele ya watu waliojaa studioni.

Aliyeziandika karatasi hizo ni Don Quinn, mtu aliyeanzia kwenye kuchora vibonzo, na naamini uchoraji ndio uliomfundisha kumtambulisha mtu kwa mstari mmoja. Kila mgeni wake ana kioja kimoja tu. Mwandishi wa makala yenu aliwataka wageni wenye vituko vingi. Quinn alijua kwamba mgeni mwenye vituko vingi humchosha msikilizaji asiyeuona uso wake. Mzee wetu hapa huitamka ile kauli ya "mimi sivyo nilivyoisikia" sekunde moja kabla ya redio, kisha hucheka kama ambaye hakuitarajia.

Tena ziko hila ambazo hazionekani mpaka mtu azitafute. Katika mtaa ule alikuwapo mtoto wa kike, Teeny, mwenye maswali yasiyokwisha, na sauti yake ilitolewa na Marian Jordan mwenyewe, yaani yule yule Molly. Ndiyo maana kila mtoto anapokaribia kubisha, Molly anakumbuka ana kitu jikoni. Nimevisikiliza vipindi vingi nikimwinda, na karibu kila mara anaondoka kwa kisingizio ambacho mke yeyote angekitoa. Vivyo hivyo kwa Myrt wa mtambo wa simu, ambaye karibu hatumsikii kamwe: McGee huinua simu, humuuliza hali, hushtuka kwa jambo la kutisha lililompata ndugu yake Myrt, na mwishowe jambo hilo linageuka kuwa si chochote. Mgeni asiyekuwapo anachekesha kuliko wale wetu watatu wa studio.

Na ile stoo! Ilifunguliwa mara ya kwanza Machi 1940, na baadhi ya watu wanaikumbuka kuliko kipindi chenyewe. McGee anatafuta kitu, Molly anamwonya asiufungue mlango ule, anaufungua, na kila kilichowahi kutupwa humo kinamporomokea: masanduku, mabati, viatu, vyombo. Mlio unapungua, tunadhani umekwisha, panakuwa kimya, halafu kengele moja ndogo inalia peke yake sakafuni. Ting. Ndipo McGee anaposema kwamba siku moja lazima aipange stoo hiyo. Mzee wangu huinua kidole wakati wa kile kimya, akiingojea kengele kama msimamizi wa kwaya. Ingekuwa imeanguka kwa bahati asingeijua mahali pake.

Ikifika Krismasi kipindi hakibadiliki kuwa kitu kingine, na hapo ndipo vituo vyetu hupotea zaidi. Mlango ni ule ule na wageni ni wale wale. Kilichoongezeka ni kwamba mmoja amebeba kifurushi na mwingine amekuja kuchungulia kama naye amewekewa chochote. Karibu na mwisho anaingia Teeny, na yeye pamoja na waimbaji wa kiume wa kipindi, The King's Men, wanaimba shairi la mkesha wa Krismasi ambalo Wamarekani wanalo tangu 1823, kwa muziki uliotungwa na Ken Darby, mmoja wa waimbaji hao. Walilirudia Desemba nyingi. Dakika hizo hazina mzaha mkubwa, wala hazikuhitaji kuwa nao, kwa sababu mtoto anayeimba ni yule yule aliyemsumbua McGee mwaka mzima.

Hata tangazo la biashara lilipewa hodi yake. Mdhamini wa miaka mingi alikuwa kampuni ya nta ya kung'arisha sakafu, Johnson's Wax, na mtangazaji wake, Harlow Wilcox, aliingia sebuleni kama jirani mwingine yeyote, akazungumza habari za siku, na bila mtu kujua amepitia wapi akawa amefika kwenye nta. McGee alimwona akija, akajaribu kumkwepesha, akashindwa, na watu wakacheka. Linganisheni na kipindi chetu cha Idi kinachokatwa mara sita ili tuambiwe habari za vifurushi vya simu kwa sauti ya kupiga kelele.

Sisemi kwamba kila kitu humo ni cha kuigwa. Kuanzia 1944 alikuwapo mtumishi wa ndani mweusi, Beulah, aliyeigizwa na mwanamume mweupe, Marlin Hurt, na sehemu kubwa ya kicheko cha ukumbini ilitokana na watu kushangaa sauti ile ikitoka kwa mtu yule. Mzee wangu anavipenda hata vipindi hivyo. Mimi huinuka nikaenda kuangalia wengine. Nakitaja kwa sababu kosa hilo hilo tunalo. Mgeni wa kuchekesha katika redio zetu mara nyingi ni lafudhi tu: anafungua kinywa, kabila lake linatambulika, watu wanacheka, na baada ya hapo hana la kusema. Meya La Trivia angechekesha hata angezaliwa kijiji gani, kwa sababu kinachochekesha ni kiburi chake cha misemo.

Wakati wa vita vikuu vya pili Bill Thompson, aliyewaigiza yule mzee wa "sivyo nilivyoisikia" na Wimple pia, alijiunga na jeshi la majini, na Gordon naye akaenda kulinda pwani. Milango ilinyamaza kwa mara moja. Kwa kipindi kinachotegemea vipaji vya watu huo ungekuwa mwisho, lakini karatasi ilikuwapo, na Quinn akaandika wengine, akiwamo Dakta Gamble, tabibu mnene ambaye hutukanana na McGee kwa mapenzi makubwa, na kipindi kikaendelea kuongoza hadi wenyewe waliporudi.

Kwetu wageni hawajapungua. Waliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, na anayekaa nyumba yoyote ya kwetu siku ya sikukuu anaweza kuwahesabu wanaopita: watoto wa mtaa wanaodai mkono wa Idi mara ya tatu wakiwa wamebadilishana kofia, mjumbe aliyekuja kutoa salamu akiwa na daftari la michango kwapani, shemeji anayefika sahani zikipakuliwa na kuapa kwamba ameshiba. Kinachokosekana ni mtu wa kulipwa ili akae mezani wiki tatu kabla, aamue nani aingie kwanza, aseme nini, na aondoke lini. Kuondoka ndiko kugumu.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wa makala, ambaye ameeleza kwamba yeye mwenyewe hutayarisha vipindi, anipe nusu saa moja tu ya sikukuu ijayo, bila malipo, na waigizaji wanne wanaojua kusoma kwa sauti. Mgeni wa kwanza nimekwisha kumwandika. Ni jirani anayebisha hodi kurudisha sufuria aliyoazima Idi iliyopita. Anashukuru, anaketi, anaulizwa sufuria yenyewe iko wapi, naye anaeleza kwamba ameiacha nyumbani kwa sababu ina wali, na kilichomleta hasa ni kifuniko.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Peoria, Illinois