Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: ndege yetu na jina lake angani

Wanachama wenzangu,

Mambo ya kawaida ya chama nitayapitia haraka, kwa kuwa mweka hazina na katibu wana taarifa zao na nakala mnazo mkononi. Bima imelipwa, ukaguzi wa mwaka wa ndege umepita, na hatukupata ajali. Wenzetu wawili wamepata leseni ya urubani wa binafsi. Nawapongeza kwa dhati. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja lililomeza fedha nyingi na karibu vikao vyote vya kamati: transponda mpya, yaani redio inayoitambulisha ndege kwa rada na kwa ndege nyingine, yenye mfumo wa ADS-B nitakaoueleza hapa chini.

Mnakumbuka ile ya zamani ilivyokuwa imechoka. Mara inajibu, mara imenyamaza, na zaidi ya mara moja waongoza ndege walituambia wanatuona lakini mwinuko wetu hawaupati. Hilo la mwinuko ndilo lililoninyima usingizi. Ndege kubwa za abiria zina TCAS, mtambo unaomwonya rubani kwamba kuna ndege karibu na kumwamuru apande au ashuke. Mtambo huo hutegemea jibu la transponda ya ndege ya pili. Usipopewa mwinuko, hauwezi kutoa amri hiyo. Sisi hapa uwanja wa ndege wa Wilson tunaruka pamoja na ndege za abiria, Caravan na Dash 8, zinazokwenda Mara na pwani, na juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi njia zetu zinakaribiana mno. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana huko na Dash 8 iliyobeba watu 44. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Mwalimu na mwanafunzi wake waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Siihusishi ajali ile na kifaa chochote. Naitaja kwa sababu ilitokea katika anga tunayorukia kila Jumamosi, na kwa ndege ya aina ileile tuliyo nayo.

Kwa wanachama wapya, tofauti ni hii. Transponda ya zamani hungoja iulizwe na rada, ndipo ijibu. ADS-B haingoji. Huchukua mahali ilipo kutoka GPS na mwinuko kutoka kwenye enkoda, kifaa kinachopima shinikizo la hewa, kisha karibu mara mbili kila sekunde hutangaza yenyewe: mimi ni fulani, niko hapa, naelekea kule, kwa kasi hii. Mwenye kipokezi yeyote, awe mwongoza ndege au rubani mwenzako, anasikia.

Tulipoanza kutafuta kifaa, nusura tuteleze. Mwanachama mmoja, kwa nia njema kabisa, alituletea bei nzuri ya kifaa kutoka Marekani kinachofungwa mahali pa taa ya ncha ya bawa. Hakuna kutoboa bodi, hakuna kupitisha waya mpya, kazi ya saa chache. Kamati ilikipenda, na mimi mwenyewe nilikwishaandika barua ya kuidhinisha malipo. Fundi wetu wa avioniki, yaani vifaa vya kielektroniki vya ndege, ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kinatangaza kwa masafa gani? Jibu lilikuwa megahezi 978. Masafa hayo ya ADS-B yanatumika Marekani, kwa ndege zinazoruka chini ya futi 18,000. Karibu sehemu nyingine zote za dunia, Kenya ikiwamo, zinasikiliza 1090. Tungekifunga, taa ingewaka, na hapa Nairobi tungekuwa tunasema peke yetu. Namshukuru fundi yule mbele yenu. Barua niliichana.

Hatimaye tulinunua transponda ya 1090 iliyotumika kidogo, iliyotolewa kwenye ndege nyingine huko Marekani, ikiwa na hati kamili za karakana. Ufungaji ulichukua muda kuliko tulivyodhani, na nataka mjue kwa nini, maana nimesikia manung'uniko kwamba ndege ililala hanga kwa sababu ya kisanduku kinachokaa kwenye tundu moja la dashibodi. Kisanduku ndicho rahisi. Antena ya GPS ilibidi iwekwe juu ya paa, mahali panapoona anga yote. Ya transponda ilikwenda chini ya tumbo, mbali na antena nyingine. Nilikuwapo siku hiyo. Fundi alilala chali kwenye ubao wa magurudumu, akakwangua rangi kwa duara dogo mpaka alumini ikang'aa, kwa sababu antena isiposhikana vizuri na chuma cha bodi, mawimbi hayatoki inavyopaswa. Ndani ya bodi aliongeza bamba la kuipa ngozi nguvu pale palipotobolewa, na nje akapaka lakiri maji yasiingie. Baada ya hapo mzigo wa umeme ulihesabiwa upya, na jedwali la uzito na mizani likaandikwa upya. Tafadhali msitumie tena nakala za zamani mlizo nazo kwenye mabegi.

Siku ya majaribio ilitufundisha mambo mawili.

La kwanza ni dogo, lakini lilizua kelele. Ndege imesimama Wilson, altimita inasoma futi 5,500 na kidogo, transponda inaonyesha 5,300. Wenzetu watatu wakasema kifaa kibovu. Si kibovu. Altimita mmeiwekea shinikizo mlilopewa na mnara, na siku hiyo lilikuwa hektopaskali 1022. Transponda hutuma mwinuko kwa kipimo cha 1013 siku zote, ili ndege zote ziwe kwenye rula moja, na kompyuta za rada hufanya marekebisho zenyewe. Tofauti ya futi mia mbili na ushei ndivyo inavyotakiwa kuwa.

La pili ni kubwa. Mmoja wetu alikuwa na kipokezi kidogo kilichounganishwa na kishikwambi, amekaa kwenye nyasi kando ya hanga. Injini ikawashwa, alama yetu ikatokea kwenye ramani, na usajili wetu ukasomeka sawasawa, unaanza na 5Y. Tukapiga makofi. Kisha akabonyeza alama ile kufungua maelezo, akanyamaza, akanipa kishikwambi. Chini ya jina letu palikuwa na anwani ya tarakimu sita iliyoanza na herufi A, na kando yake jina la nchi: Marekani.

Kila transponda ya aina hii ina anwani yake ya biti 24, na kila nchi ina fungu lake. Za Kenya huanza na 04C. Za Marekani huanza na A. Fundi alikuwa ameandika jina letu la usajili, lakini anwani ya ndege ilikotoka kifaa ilikuwa ingali kwenye kumbukumbu yake. Jina ni la kwetu, kitambulisho ni cha mtu mwingine, ambaye huenda bado anaruka nacho kwao. Anwani hiyo ndiyo mitambo hutumia kutofautisha ndege na ndege, kwa hiyo si jambo la kuachwa mpaka ukaguzi ujao. Ndege haikutoka siku ile. Tulipata anwani yetu KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ikaingizwa, ikasomwa tena kwenye kishikwambi tarakimu kwa tarakimu, na mimi na fundi tukaweka saini kwenye kitabu cha ndege.

Usiku ule nilijiuliza ni nini kingine ndani ya ndege yetu kinachosema jina lisilo letu. Asubuhi tukafungua mkiani na kuitoa ELT, ile redio ya dharura inayojiwasha ndege ikianguka. Ndege yetu, kama mnavyojua, ilinunuliwa Marekani. Msimbo wa redio ulianza na 366, ambayo ni Marekani. Wa Kenya ni 634. Maana yake, kama tungeanguka, setilaiti zingesikia wito wa megahezi 406, na simu ya kuulizia ingekwenda kwa mwenye ndege wa zamani, ng'ambo ya bahari. Miaka yote hiyo tumekuwa tukibeba abiria, watoto wetu wakiwamo, tukiamini tuna redio ya kutuokoa. Mwenyekiti ndiye anayepaswa kulijibu hilo, na naomba radhi kwenu na kwa familia zenu.

Hofu hii haikuzuka hewani. Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi na watu 10 ilipotea kwenye milima ya Aberdare, na mabaki yake yalionekana siku ya pili baadaye. Hakuna aliyepona. Anayesubiri habari chini hapaswi kuongezewa hata saa moja kwa sababu ya msimbo.

Sasa niseme yale ambayo transponda yetu mpya haiwezi. Mawimbi yake huenda moja kwa moja na hayapiti mlimani. Ukishuka nyuma ya Ngong kuelekea Magadi, vipokezi vya Nairobi vinaweza kukupoteza kabisa, kwa hiyo taarifa za redio kwa sauti zinaendelea kama zamani. Pia sisi tunatangaza tu, hatuoni wengine. Na hata mwenye kipokezi huona wale tu wanaotangaza. Macho yabaki nje ya kioo.

Wako waliolalamika kwamba sasa kila mtu ataona wanakokwenda. Nimewasikiliza kwa heshima, na wengine wana sababu za kiusalama ambazo sitazitaja hapa. Lakini kamati haitakubali transponda izimwe angani. Ndege ni ya chama, na anayekaa kiti cha kulia hakuulizwa kama anataka kufichwa.

Kamati inaleta maombi mawili ya kupigiwa kura leo. Kwanza, mchango wa kila mwanachama kwa ajili ya betri mpya ya ELT, kuipa msimbo wa 634, na kuisajili kwa majina na simu za watu watatu wa chama wanaopatikana usiku na mchana. Mpaka kazi hiyo iishe, ndege haitavuka nje ya eneo la Nairobi. Pili, kipokezi kimoja cha chama kitakachokaa kwenye kabati la hanga na kuchukuliwa pamoja na ufunguo.

Kwa watakaoruka wiki hii: usajili kwenye transponda huandikwa bila kistari, vilevile kama kwenye mpango wa safari. Kabla ya kuingia njia ya kurukia, hakikisheni kioo cha transponda kinasoma ALT, yaani inatuma mwinuko. Kitabu cha ndege kiko mezani hapa mbele, na ukurasa wenye anwani yetu mpya nimeuwekea utepe mwekundu. Kila rubani ausome na atie saini kabla ya kuondoka.