Mwanangu, nyaraka 7 kwa dakika 60

Mwanangu mpenzi,

Mtihani wa AP (mitihani ya Marekani ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) wa Historia ya Dunia ni Mei, na panapowapotezea alama hata wanaosoma sana ni ile insha ya nyaraka. Leo nakuandikia juu ya hiyo tu.

Unapewa nyaraka 7 na dakika 60. Watunga mtihani wanashauri 15 za mwanzo ziwe za kusoma. Insha ina alama 7, nayo ni robo ya matokeo yote: hoja kuu 1, muktadha 1, ushahidi 3, uchambuzi 2. Hakuna alama ya lugha tamu wala ya utangulizi mrefu.

Anza na swali, ndipo ugeukie nyaraka. Kwenye karatasi ya rafu, kila waraka uandikie maneno machache: nani, lini, anadai nini. Kisha zipange katika mafungu 2 au 3. Hayo ndiyo aya zako. Anayeandika aya ya waraka wa kwanza, halafu wa pili, mpaka wa saba, ametoa muhtasari, na muhtasari humpa alama 1 tu ya ushahidi. Ya pili huja pale nyaraka zisizopungua 4 zinapoitetea hoja yako.

Chukua Vita vya Maji Maji, na swali liwe: sababu za kiuchumi zilichangia kwa kiasi gani? "Sababu zilikuwa nyingi" si hoja, maana hakuna wa kuipinga. Andika hivi: "Ingawa maji ya Kinjikitile yaliyaunganisha makabila, kilichowafanya watu wa kusini wainuke mwaka 1905 ni pamba ya kulazimishwa na kodi." Hapo una msimamo, una sababu, na upande wa pili umeupa nafasi yake.

Sasa uchambuzi wa chanzo, ambao wengi huuharibu. Tuseme waraka mmoja ni wa Gavana von Götzen akiwalaumu waganga, na mwingine ni simulizi za wazee zilizokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968. Ukiandika "Götzen ni Mjerumani, kwa hiyo ana upendeleo," hupati kitu, kwa sababu hujaonyesha upendeleo huo umegusa nini ndani ya waraka. Andika: "Götzen ndiye aliyekuwa gavana vita vilipozuka; kuwalaumu waganga kuliiondolea serikali yake lawama ya pamba, kwa hiyo ukimya wake juu ya pamba hauthibitishi kwamba pamba haikuwa sababu." Wazee nao walisimulia zaidi ya miaka 60 baadaye, katika nchi huru iliyovienzi vita hivyo, kwa hiyo huenda wakaukuza umoja wa wapiganaji. Hata hivyo, habari za viboko na kazi ya shambani wanazijua kuliko ofisa yeyote. Yaseme yote mawili. Nyaraka 2 zinatosha kwa alama hiyo ya chanzo, lakini fanya 3, msahihishaji akikataa moja usikose.

Muktadha ni sentensi 3 au 4 zinazofika kwenye swali: Mkutano wa Berlin wa 1884–85, kisha utawala wa Wajerumani, kisha kodi. Kutaja Berlin na kuondoka hakutoshi. Alama ya tatu ya ushahidi ni ya ushahidi wa nje, yaani kitu kisichomo kwenye nyaraka, kama vita vya Mkwawa vilivyoisha 1898, na ueleze kinasaidia nini. Usirudie kile ulichokitumia kwenye muktadha, hakihesabiwi mara mbili.

Usinakili mistari mirefu. Sema kwa maneno yako, uweke namba ya waraka kwenye mabano. Alama ya mwisho, ile ya uchambuzi wa kina, usiikimbilie. Ukizitumia vizuri nyaraka zote 7 kutetea hoja, unaweza kuipata.

Jumamosi fanya insha moja kwa saa kamili, kisha nitumie na ile karatasi ya rafu. Nitaanza kuisoma hiyo, kwani mafungu yakipangwa vibaya huonekana huko kabla ya kwenye aya.

Mama yako