Kisu cha kukunja si kinga ya kutegemewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu visu vidogo vya kukunja, ambavyo watu wengi, hasa wanaorejea nyumbani usiku, hushauriwa kuvibeba ili wajilinde. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini naamini unawahatarisha walewale unaokusudia kuwaokoa.

Anayevamiwa ghafla hana muda. Mwaka 1983 askari polisi wa Marekani, Dennis Tueller, alionyesha kwamba mtu anaweza kukimbia futi 21, yaani zaidi kidogo ya mita 6, kwa takriban sekunde moja na nusu, na mkabaji kwa kawaida huwa karibu zaidi ya hapo. Katika muda huo mwenye kisu anatakiwa akitoe mfukoni, apapase kwa kidole gumba mahali pa kukikunjulia, kisha ahakikishe kimefunguka hadi mwisho, hali mikono inatetemeka na pengine mmoja umekwisha kushikwa.

Hata kikifunguka, bado ni hatari kwa aliyekishika. Vingi vya visu hivi hushikiliwa na springi tu, bila komeo, hivyo ncha ikigonga kitu kigumu kama mfupa, makali yanaweza kujikunja na kuangukia vidole vyake mwenyewe. Tena mpini wake aghalabu hauna kizuizi, na kiganja kilicholowa jasho au damu huteleza mbele hadi kwenye makali. Kano za vidole zikikatika, mtu anaweza kushindwa kabisa kukunja ngumi.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba kisu kidogo mara nyingi hakimsimamishi mshambuliaji papo hapo, ingawa kinaweza kumuua baadaye kwa kuvuja damu. Aliyechomwa huendelea kupigana, sasa kwa hasira zaidi, na aliyetaka kujinusuru tu hujikuta akijibu kesi ya mauaji. Sheria nayo haimsaidii kila mahali: Uingereza inaruhusu kubeba kisu cha kukunja kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, lakini anayekibeba kwa nia ya kumjeruhi mtu, hata kwa kujihami, anaweza kushtakiwa kwa kubeba silaha.

Mkabaji akitaka simu au pochi, apewe. Akitaka zaidi ya hivyo, pigeni kelele, msukumeni mkimbilie penye watu na mwanga, na mikono yenu iwe huru kwa kazi hiyo.

Msomaji wako