Harambee ya Kuuacha Uwanda Wetu Bila Ua

Ndugu, jamaa na marafiki,

Sisi wenye mashamba huku kusini mwa Mbuga ya Nairobi tunawaomba mchango. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ua pande tatu; upande wa nne ni Mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto ndiko kwetu. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia huvuka kuja kulisha uwandani pamoja na ng'ombe wetu. Ila tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela igawanywe mwaka 1988, kila mtu na hati yake, nafasi inazidi kubana. Mabroka hawaishi mlangoni. Leo shamba limekatwa ploti za futi hamsini kwa mia, kesho waya umepigwa, mnyama hana pa kupita.

Baadhi yetu tumekubaliana kuihifadhi ardhi kwa hiari, kupitia amana ya ardhi, yaani shirika linalosimamia ahadi za kutunza ardhi. Hapa ndipo wengi hushtuka, wakidhani shamba limekwenda. Haliendi. Hati inabaki kwa jina lako. Utachunga, utaishi, wanao watarithi. Unachoacha ni kukata ploti na kuzungusha ua, na ahadi hiyo inasajiliwa ili atakayekuja kununua naye afungwe nayo. Kazi ya amana ni kukagua kama masharti yanafuatwa, basi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaitambua mikataba ya aina hii.

Lakini tusidanganyane: nyumbu halipi karo. Mpango wa kukodi ardhi ulioanza hapa Kitengela mwaka 2000 ulimlipa mwenye shamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka, na pesa zilitolewa shule zinapofunguliwa. Hiyo ilikuwa akili. Nasi tunafuata kiwango hichohicho: shilingi 520 hivi zinatunza ekari moja mwaka mzima. Kuna pia mpima ardhi, wakili, ada za usajili, na zile taa za kumwekamweka alizobuni kijana wa hukuhuku, Richard Turere, kufukuza simba bomani.

Tukutane Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Mbuzi na majogoo wa mnada wapo. Ukija na wako, karibu zaidi. Walio mbali watume kwa mweka hazina; kila mchango una risiti, na hesabu itasomwa hadharani. Nawe mwenye ekari zako ambaye hujaamua, njoo na nakala ya hati. Wakili atakuwepo, na kuuliza ni bure.