Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mabanda Yetu na Kazi ya Kubuni kwa Pamoja

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililoishughulisha kamati kuliko mengine yote, nalo ni pendekezo la kuyagawa mabanda yetu ya mafundi wa jua kali hapa Kamukunji, Nairobi, yawe vyumba vyenye kuta na milango.

Waliolileta wana hoja, kwani zana huibwa na kelele huumiza masikio. Hata hivyo kamati imelikataa, kwa kuwa hapa fundi hujifunza kwa macho kabla hajauliza swali. Anayekunja ukingo wa karai juu ya kipande cha reli humwona jirani anavyouzungusha wake, na mlio wa nyundo ukibadilika ghafla, walio karibu hugeuka kutazama kama bati limepasuka. Wazee wetu walizoea hivyo tangu walipokuwa wakigonga bati juani, kabla Rais Moi hajawatembelea mafundi mwaka 1985 na kuwaahidi vivuli.

Jiko la kauri, yaani jiko la makaa la bati lenye kauri ndani, nalo ni zao la ujirani wa aina hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazo lilichukuliwa kutoka jiko la ndoo la Thailand, wataalamu wa nishati wakaleta vipimo, wafinyanzi wakachoma kauri, na mafundi wa bati wakaunda gamba lenye kiuno, ambalo kauri hukaa sehemu yake ya juu tu. Sioni ni nani kati yao angelimaliza peke yake chumbani.

Uwazi huo, lakini, una gharama. Anayebuni umbo jipya la kikaangio cha chipsi huliona kwa jirani wiki hiyo hiyo kwa bei ya chini, na ndiyo maana baadhi yetu hufunika kazi kwa gunia. Kuta zisingemsaidia, maana mteja akishatoka na chombo, siri imekwisha. Kamati inaomba mkutano uidhinishe kwamba mwanachama atakayeionyesha kamati umbo jipya apewe nafasi ya kwanza katika oda kubwa ya kwanza ya chombo hicho inayopitia chama, na wengine wagawane itakayobaki.

Kuhusu wizi, tunapendekeza stoo moja ya pamoja yenye mlinzi wa usiku, ijengwe upande wa mafundi wa kuchomelea, ambao kwa sasa wanafanyia kazi mbali na wenzao wa bati kwa sababu ya nyaya za umeme, ili pande hizo mbili zikutane hapo. Mkikubali, michango itapokelewa na mweka hazina.