Wanaojitolea dhidi ya homa ya ini tusiishie kwenye sindano ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ya wananchi wanaojitolea kuelimisha wenzao juu ya homa ya ini aina ya B, kazi ambayo nami nimeifanya kwa miaka mitatu hapa Mbagala, misikitini, makanisani na kwenye vijiwe vya bodaboda.

Harakati hizi duniani zilianzishwa na watu walioguswa na ugonjwa wenyewe. Siku ya Homa ya Ini Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008 kwa juhudi za vyama vya wagonjwa, na ni mwaka 2010 tu ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipoipitisha na kuiweka Julai 28, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, mgunduzi wa kirusi hiki.

Kwetu vikundi vimeongezeka, na ninafurahi kwa dhati, kwa sababu chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, na wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Mashaka yangu ni kwamba tunahesabu watu waliofika siku ya kampeni na kuwasahau kesho yake. Mtu mzima huchomwa sindano tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu inapotimia miezi sita. Nimekutana na wengi waliochomwa moja, wakaamini wamekwisha kukingwa.

Aliyekutwa na virusi ndiye anayeachwa mpweke zaidi. Jirani yangu, mama lishe, alipewa majibu bila maelezo, na aliporudi nyumbani sahani na kikombe chake vikatengwa, ilhali virusi hivi huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, wala si kwa kula pamoja au kupeana mkono. Ilitubidi tukae na mashemeji zake jioni mbili mfululizo ndipo wakaelewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anapaswa kupimwa hali ya ini na wingi wa virusi, kwamba si kila mgonjwa huanzishiwa dawa papo hapo, na kwamba dawa za kuzuia virusi visizaliane zipo.

Navisihi vikundi vyenzangu viwe na daftari la tarehe za sindano na namba za simu, tuwapigie watu kabla siku haijapita, na aliyekutwa na virusi asindikizwe kliniki na mwenzake anayeishi navyo, kama yupo aliye tayari. Serikali za mitaa nazo zitupe chumba cha kukutania kila mwezi, maana mazungumzo ya namna hii hayafanyiki chini ya turubai huku spika zikinguruma.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam